Siku Niliyomfuata Kerubo

Mama Salma,

Mimi mzima, na huku Ogembo mvua imekatika. Daktari ninayemfanyia kazi ya utafiti anapima nguvu ambazo watu hutumia kwa siku, basi akanituma nimfuate mama mmoja, Kerubo, niandike kila anapotembea na kila anapokaa. Mchana mumewe akatukuta kwenye migomba, ameshika rungu.

"Mbona unamfuata mke wangu tangu asubuhi?"

Nikamsomea daftari: maji, kuni, kupalilia shamba la wimbi, kusaga. Tangu alfajiri alikuwa amekaa mara moja tu, kunyonyesha.

Bwana yule akaweka rungu chini. "Keti," akamwambia mkewe, akajitwika mwenyewe mkungu wa ndizi ambao mkewe alikuwa ameukata.

Nikakukumbuka wewe. Nikirudi, maji nitateka mimi.

Wako akupendaye,
Baba Salma