Jiwe la mahari ya Valéry

Kelly, sikia hii. Valéry ameleta jiwe kama mahari ya dada yangu Elvire. "Dhahabu ya Kongo," akasema mbele ya wazee. Dhahabu, Kelly.

Nikaomba kulipima. Akacheka: "We profesa wa YouTube, kaa chini." Baba naye akacheka. Sikukaa.

Nikalisugua nyuma ya kigae, likaacha mstari mweusi. Dhahabu huacha wa njano. Nikaligonga kwa nyundo, likapasuka na kunuka kiberiti. Dhahabu ingebonyea tu.

Nikamwambia polepole: "Shemeji, hili ni chuma na salfa. Viwandani wanalichoma kutengeneza asidi ya betri. Wapelekee hao, pengine wana binti wa kukuoza."

Wazee wakacheka mpaka machozi. Sikumhurumia hata kidogo.

Elvire mwenyewe ndiye aliyemfungulia geti atoke.