Magoti Yangu Mbele ya Profesa

Naviundu, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Chilufya,

Mwapoleni mukwai. Nakuandikia kwa Kiswahili cha kanisa, kile ulichonifundisha mwenyewe, na nikiteleza, Mwalimu Mwelwa anayekusomea barua hii anisahihishe kimyakimya, asicheke. Mguu unaendeleaje? Ile dawa niliyotuma na dereva Franck unaipaka, au umeiweka chini ya kitanda kama ile nyingine? Nakujua, Shangazi. Ipake.

Sisi huku ni wazima. Clément wangu anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, ila mvua imeanza, atapona. Binti yetu Tracy amerefuka kunipita, sasa ananiita kafupi. Dagaa zako za chisense ulizotuma zimefika kavu, bila punje ya mchanga, na wateja wangu sokoni wamezigombania.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Franck aliporudi na lori la samaki aliniambia umesikia kwamba mtihani wangu ulisimamishwa kwa sababu nilipiga magoti. Akasema hukugusa hata tonge la bukari, halafu ukampa ujumbe: "Mwambie Bwalya aache mambo niliyomufundisha. Ni mimi nimemuharibia masomo." Maneno hayo yameniuma kuliko mtihani wenyewe. Ndiyo maana leo baada ya misa sikwenda popote, nimekaa nikueleze yote kama yalivyokuwa.

Unajua shule yangu haina darasa. Chuo kiko mbali, masomo yanakuja kwenye simu, nami nasoma sheria pale pale mezani pangu, kati ya mteja na mteja, na daftari linanuka samaki. Miaka mitatu sasa. Ulikuwa umebaki mtihani mmoja wa mdomo, wa sheria ya familia, na bila huo hakuna licence, ile shahada yenyewe, narudia mwaka mzima. Kwa umri wangu, na mgongo huu!

Siku hiyo nilikwenda kwa binamu Alexis kule Karavia, kwa sababu kwake kuna utulivu na mtandao unashika vizuri. Nilivaa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili. Chini nilijifunga kitenge cha sokoni tu, maana kamera haifiki huko. Kanuni yao kubwa ni moja: uso wako usitoke kwenye kioo cha kompyuta, ukitoka mashine inaandika kwamba umekwenda kutafuta majibu. Niliisoma kanuni hiyo mpaka ningeweza kuisema kama Baba Yetu.

Halafu Profesa akatokea. Mzee, nywele nyeupe pe, miwani imeshuka puani. Akanisalimu. Shangazi, magoti yalikwenda yenyewe. Nilijikuta chini kwenye saruji, kichwa nimekiinamisha, napiga makofi polepole kama ulivyonifundisha mlangoni kwa babu. Ulisema salamu ya mkubwa haikatwi katikati, basi sikuikata. Nilipoinuka kioo kilikuwa cheusi, na maandishi juu yake: mtihani umesimamishwa, mwanafunzi ametoweka, aeleze kwa maandishi ndani ya siku mbili.

Nililia kule kule kwa Alexis. Nyumbani nilimkuta Tracy na jibu lake tayari: "Mama, andika tu connexion ilikatika. Bantu bote banaandikaka vile." Na ni kweli, wanaandika, na wanakubaliwa. Clément naye aliona hiyo ndiyo njia rahisi. Sikufichi, nilianza kuandika hivyo. Nilimaliza mstari wa kwanza, kisha aibu ikanishika, maana ilikuwa kama mtu ameniuliza nani alinilea, nami nimejibu hakuna.

Nikaufuta. Nikaandika kwamba mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na aliyenilea ni shangazi yangu Chilufya wa Kasenga, muuza samaki asiyejua kusoma, na kwamba nyumbani kwake mtoto hamwamkii mzee akiwa amekaa kitini. Kanuni niliijua na niliivunja, lakini sikuiba jibu lolote. Wasikilize sauti waliyoirekodi wao wenyewe, makofi yamo. Nikatia sahihi. Ulikuwa utetezi wangu wa kwanza, na niliyemtetea ulikuwa wewe.

Siku tisa zikapita bila jibu. Nilikuwa napima chisense vibaya, wateja wakafurahi sana.

Siku ya kumi wakaniita kuanza mtihani upya. Clément alinifunga kiunoni kwa kitenge, mimi na kiti pamoja, mafundo mawili, akasimama mlangoni kunilinda. Profesa ni yule yule. Nikakaa, Shangazi. Nilimsalimu kwa mdomo, lakini mikono chini ya meza ikapiga makofi yake matatu. Akasema, "Nimeyasikia, mama. Tuanze."

Aliniuliza juu ya mtoto yatima anayelelewa na ndugu wa baba yake, nani ana wajibu gani kwake. Mimi! Nilimjibu bila kumeza mate. Nimepata kumi na sita juu ya ishirini. Nimepita.

Kwa hiyo usinitumie tena ujumbe kama ule. Hukuniharibia kitu. Nilipofika hapa ni wewe umenifikisha, na bukari yako uile, Franck atanipa ripoti.

Unisalimie Mama Albertine jirani yako, na kaka Edouard, umwambie nyavu zake nazitafuta bado. Mungu akutunze, na mguu huo autunze zaidi, kwa sababu mwezi wa kwanza una safari. Siku ya kuvalishwa toge, joho la wahitimu, Franck atakuleta, kiti cha mbele cha lori ni chako. Utakaa ukumbini mahali ninapokuona. Wakishanivalisha nitashuka kwako, mbele ya maprofesa wote, na nitapiga magoti mpaka chini, na salamu sitaikata. Wakipenda waandike tena kwamba mwanafunzi ametoweka.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye bila kipimo,

Hortense Bwalya