Kibuyu cha Siagi na Nyota Pacha

Mjukuu wangu Asimwe,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kaisho tu wazima, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Unauliza kwa nini nyota changa zilizozaliwa pacha, wakati bado zinakusanya gesi ili zikue, hutema sehemu ya gesi hiyo kwa nguvu, tena mkondo wake unayumba. Nyota sizijui. Kibuyu nakijua.

Nikiwa msichana, mama alitupatia mimi na dada yangu kibuyu cha maziwa tukisukesuke, apate siagi ya wageni wa ubatizo. Desturi ni kukizibua kila baada ya muda, hewa itoke. Nilikataa, kwa sababu kila tukizibua povu lilimwagika, nami niliitaka siagi yote. Kizibo kikaruka. Maziwa yakafyatuka, na kwa kuwa dada alikuwa akivutia kwake, yakaenda upande na kumpata mama usoni. Wageni walikula ndizi bila siagi.

Mama alijifuta, akasema, "Kinachojikusanya lazima kipumue."

Nadhani nyota zako zinalijua hilo. Lakini mama yako anasema wewe unasoma hata Jumapili, na hutoki nje. Zibua kidogo, mjukuu wangu.

Bibi yako