Kimya cha Mama Kulwa

Mama, shikamoo. Nipo Bugarama, mzima, ingawa vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chai.

Jana asubuhi, karibu na ninapofunga pampu za maji, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu lilititia likamfukia mmoja wao, Baba Kulwa. Wenzake wakachimba kwa zamu. Pembeni walokole waliimba na kukemea, Waislamu wakainua mikono kuomba dua. Mkewe, Mama Kulwa, alikaa chini peke yake, kiganja juu ya udongo, kimya.

Jirani akamsihi, "Paza sauti, dada, Mungu akusikie."

"Ananisikia," akajibu polepole. "Mimi huongea naye hivi."

Nikaenda kukaa kando yake, nami nikaweka kiganja chini. Sikutamka neno, lakini sijawahi kumwomba Mungu kwa moyo mzima namna ile.

Alasiri wakamtoa Baba Kulwa akiwa hai, mwekundu kuanzia nywele hadi kucha, akiomba maji. Watu wakapiga vigelegele. Mama Kulwa akamfuta macho kwa khanga yake.

Umeniuliza miaka mingi kwa nini sifungui kinywa kwenye maombi nyumbani, ukahofu nimemwacha Mungu. Sikumwacha, Mama. Niliona haya tu kukwambia kwamba huwa naongea naye kimyakimya. Nikirudi, wewe imba kwa nguvu zako zote, nami nitakaa karibu yako.

Mwanao akupendaye,
Daudi