Gita la Mapajani

Kaka,

Barua yako imefika. Mimi mzima, ila kitambi kinaongezeka, na sasa kimepata kazi ya kuegemeza gita.

Eti mwanetu anataka gita langu lilie harusini kwake? Nimecheka peke yangu. Siku nilipomwona mpigaji mmoja hotelini amelaza gita mapajani, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi hadi likalia kama mtu, nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kama kijana aliyependa. Nikainua nyuzi za langu ili chuma kiteleze bila kugonga mbao, nikajifunza. Wewe ukanifokea mbele ya bendi yetu nzima: "Hilo gita au ungo wa mchele? Simama upige kama mwanamume!" Kisha ukalipeleka kwa fundi kwa siri, akazishusha nyuzi, ukaniambia umenitengenezea.

Nimenunua jingine. Nitakuja, maana bibi harusi ni mwanangu pia. Nitakaa mbele kabisa, gita mapajani, wageni wako wote wanione. Lakini wewe usikanyage jukwaani. Nikikuona umelisogelea gita tu, nafunga virago, na bibi harusi utamweleza mwenyewe kwa nini muziki umekatika.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado sijakusamehe.