Trekta na Matuta ya Babu Yako

Mpwa wangu Eriki,

Nisamehe kuchelewa kukujibu. Mtoto anaota meno, hatulali. Trekta uliyoniomba nikuangalizie hapa Gikondo nimeiona. Ni nzima, lakini ni kubwa, na ninaogopa.

Nilipokuwa msichana, babu yako alikodi kubwa kama hiyo. Ilipanda mlima wetu, uliokatwa matuta kama ngazi, hadi tuta la tatu, tukapiga makofi. Kugeuka ikashindwa. Dereva akasema, "Mzee, usijali, narudi kinyumenyume." Ukingo wa tuta ukabomoka. Mengine mguu wa babu yako unakueleza kila siku. Sote tulikagua injini, tuta hakuna aliyelipima.

Usimkubalie muuzaji bado. Iko ndogo hapa, ile unayotembea nyuma yake. Nitumie kwanza upana wa tuta jembamba kuliko yote, picha ya njia ya kupandia, na uniambie utageuzia wapi.

Shangazi yako, Zaina