Sahani ya Derlis

Yuty, tarehe 24 Julai

Kaka yangu Derlis,

Barua hii ikukute mgongo umeshapoa, maana shemeji alituambia uliteleza kule kwenye ujenzi. Unaendeleaje? Na mtoto, jino la pili limetoka? Huku sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Mama hajambo, anakusalimu sana, na ng'ombe amezaa ndama jike. Ningekupigia simu, lakini unanijua: kwenye simu nasema "ndiyo" mara nane halafu nakata. Kwenye karatasi nina ujasiri kidogo.

Likizo hii ya baridi nilikwenda Asunción na vijana wa makanisa ya wilaya, siku tano za huduma kule mtaa wa Bañado, karibu na mto. Kutoka kanisa letu nilikuwa peke yangu, kwa sababu mwenzangu Arami alishikwa na mafua siku ya safari. Nilitaka kushuka basini nirudi nyumbani, lakini dada Zunilda wa Caazapá, kiongozi wetu, alikuwa amekaa mlangoni.

Kazi yetu ilikuwa kupaka rangi jiko la mtaa, lile lililoingiliwa na maji ya mafuriko, na kusaidia kupikia watoto. Jiko linaongozwa na Ña Sinforiana, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alitutazama tulivyokula, akauliza kama tumekuja kuwahudumia au kuwamalizia chakula. Blas, kijana mmoja mwenye maneno mengi, alipaka rangi ukuta mmoja na suruali mbili, zote zake. Mimi nilipewa mihogo nimenye. Ña Sinforiana akaangalia maganda yangu, akawatangazia wenzangu kwamba angalau mmoja wao ana mama.

Sasa sikiliza, kaka. Kila alasiri, kabla supu haijagawiwa, mmoja wetu alisimama kutoa ushuhuda: Bwana alimtoa wapi, akamfikisha wapi. Blas nusura afe maji. Msichana mwingine alikuwa ameiba dukani. Mimi zamu yangu ilikuwa Alhamisi, na Jumatano nzima nilijiuliza mimi nimeokolewa kutoka wapi. Nimezaliwa kanisani, nimelala kwenye mabenchi ya kanisa, dhambi zangu hazijazi hata kijiko. Dada Zunilda aliniambia kidogo kinatosha. Lakini nikiwaza watu sitini wamekaa na bakuli tupu wananisikiliza mimi, niliona afadhali nimenye mihogo ya mji mzima.

Basi nikatoa wa kwako.

Niliuandika kwa Kihispania kizuri cha shuleni, nikaukariri. Nilisema mimi ndiye niliyekosana na baba, nikatoroka nyumbani mwaka mzima, nikalala sokoni, nikanywa pombe na wapakuzi wa magari. Nilisema mama aliniwekea sahani mezani kila jioni mpaka niliporudi. Derlis, walilia! Dada Zunilda alilia. Blas akaja kunishika mkono, akasema kwa heshima kubwa kwamba hakujua kama anakula na mlevi mstaafu. Kwa mara ya kwanza maishani watu walitaka kukaa karibu nami, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikiwa naosha sufuria, Ña Sinforiana akaja. Akaongea nami kwa Kiguarani, taratibu, bila ile sauti yake. Akasema mwanawe Wilfrido ameondoka mwaka wa pili huu baada ya ugomvi, na yeye pia humwekea sahani. Akaniambia: "Mwanangu, wewe uliyerudi, niambie. Kilichokurudisha ni nini? Nikikijua nitakifanya leo hii."

Kwa Kihispania nilikuwa na karatasi. Kwa Kiguarani sikuwa na kitu. Lugha hiyo naongea na Mama, na wewe, na ng'ombe, na sijawahi kumdanganya yeyote kati yenu. Nikamwambia kweli yote: si mimi, ni kaka yangu, na kilichomrudisha sikijui. Nilidhani atanipiga kwa mwiko.

Aliuweka mwiko chini. Kisha akauliza: "Na wewe mwaka huo wote ulikuwa unafanya nini?"

Hapo ndipo lilipotoka lile ambalo sijamwambia mtu, hata wewe. Nilikuwa nakula chakula chako. Asubuhi ya kwanza nilimwona Mama amesimama mbele ya sahani iliyojaa, anaitazama tu, nikashindwa kuvumilia. Kesho yake niliamka kabla yake nikaimaliza. Wiki ya kwanza nilikula kwa huruma. Baada ya hapo, kaka, nilikula kwa sababu mihogo ya kukaanga ya Mama ni mitamu hata ikipoa. Mama alidhani ni mbwa. Kapitani maskini alifungwa kamba mwezi mzima kwa kosa langu.

Ña Sinforiana alicheka mpaka akashika ukuta, na rangi ilikuwa haijakauka. Ghafla akaacha kucheka. Akageuka, akamwita binti yake wa miaka tisa: "Wewe! Njoo hapa! Nani anakula sahani ya kaka yako? Paka, eh?" Mtoto akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemsaliti. Mama yake akamvuta, akamkumbatia kwa mikono ileile ya rangi.

Ijumaa nilisimama tena, kwa Kiguarani, nikaungama uongo wangu na mihogo yangu. Dada Zunilda alinisema faraghani, ilivyostahili, kisha akanipa kipande chake cha mkate wa chipa. Blas alitangaza kuwa nimeshushwa cheo, kutoka mlevi hadi mwizi wa mihogo.

Nisamehe, Derlis. Ushuhuda ulikuwa wako. Lakini Ña Sinforiana hajapata jibu, na nimemwahidi nitakuuliza. Nyumbani hakuna aliyethubutu. Tulifurahi umerudi, tukaogopa kugusa. Ni nini kilichokurudisha? Niandikie hata mistari miwili, nitampelekea.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto. Usimwambie Mama habari ya Kapitani. Jumapili bado anakuwekea sahani, kwa mazoea tu, anasema. Siigusi tena.

Isipokuwa mihogo ikiwa ya kukaanga.

Mdogo wako akupendaye,
Nimia